Hendrix na Wale Waliomsubiri Kwenye Baridi

Ukimtaja Jimi Hendrix hapa chuoni, wanaomfahamu watakuambia ni yule jamaa aliyechoma gitaa lake jukwaani. Ni kweli alilichoma, kule Monterey, California, Juni 1967, na picha ile imezunguka dunia nzima. Lakini mimi, ndugu msomaji, nikitaka kumwelewa Hendrix siendi Monterey. Naenda kwenye kisiwa kimoja cha Ujerumani kinachoitwa Fehmarn, ambako mashabiki walimsubiri kwenye upepo na mvua mpaka uvumilivu ukawaisha, na alipopanda jukwaani wakamzomea.

Kabla ya huko kuna ufagio.

Hendrix alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Nyumbani kwao maisha yalikuwa ya kubangaiza, wazazi hawakuelewana, na mama yake alifariki 1958, kijana akiwa na miaka 15. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa na tabia ya kwenda shuleni na ufagio, anaushika kama gitaa na kuupiga. Mtumishi wa ustawi wa jamii wa shule ile alimwangalia zaidi ya mwaka mzima, akaandika barua kuomba fedha za watoto wasiojiweza ili anunuliwe gitaa, akieleza kwamba kumwacha hivi hivi kungeweza kumuumiza kisaikolojia. Ombi likakataliwa. Sisi tunaosomea ualimu tumekaririshwa kwenye saikolojia ya elimu kwamba mtoto huonyesha mwenyewe anachokitaka, kazi ya mwalimu ni kuona. Sasa huyu mtumishi aliona, tena akaandika na barua. Aliyekuwa na hela ndiye hakuona. Nadhani hiyo sehemu ya pili hatufundishwi vya kutosha.

Mwaka 1957, akimsaidia baba yake kazi ya kuondoa takataka, akaokota gitaa dogo, lile linaloitwa ukulele, lenye uzi mmoja tu. Akaanza kuuchezea huo huo uzi mmoja, akifuatisha nyimbo kwa kusikiliza. Mwaka uliofuata akapata gitaa halisi kwa dola 5. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na magitaa mengi yametengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, kwa hiyo alizoea kuligeuza juu chini na kuzipanga upya nyuzi. Sekondari hakumaliza.

Hapo katikati nitapita haraka. Alikamatwa mara mbili kwenye magari ya wizi, akapewa kuchagua jela au jeshi, akaingia jeshini 1961 na kufundishwa kuruka kwa miavuli. Kambini Kentucky akakutana na mpiga besi Billy Cox, ambaye tutamwona tena mwishoni. Jeshi likaachana naye 1962. Miaka kadhaa iliyofuata alipiga gitaa nyuma ya wakubwa, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard, yaani yule mtu ambaye jina lake halipo kwenye bango. Septemba 1966 akapelekwa London na Chas Chandler, na ndani ya mwaka mmoja Waingereza wote wanamzungumzia. Miongoni mwa waliomfuata kwenye kumbi alikuwa kijana mmoja mzaliwa wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Kwa hiyo ukisema muziki huu hautuhusu kabisa, taratibu kidogo.

Sasa, mashabiki. Vitabu vya maisha ya wanamuziki huwa vinawahesabu tu: walikuja laki ngapi, wakaondoka. Woodstock, Agosti 1969, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika jimbo la New York, hesabu ni watu kama laki nne. Hendrix alitakiwa kufunga tamasha usiku wa Jumapili. Mvua ikanyesha, ratiba ikavurugika, na yeye akapanda jukwaani Jumatatu asubuhi, kama saa 3. Wengi wa hao laki nne walikuwa wameshaondoka, wana kazi, wana watoto, wamechoka. Walibaki makumi elfu tu, wamelowa, wamejifunika mablanketi yenye tope, wengine wamelala hapo hapo. Aliwapigia karibu saa mbili. Upigaji wake wa wimbo wa taifa wa Marekani, ule ambao gitaa linalia kama mabomu ya Vietnam, ambao leo watu wanauandikia tasnifu, ulisikiwa na hao waliokataa kwenda nyumbani.

Sisi wa nyanda za juu tunaijua hiyo biashara ya kusubiri kwenye baridi. Wenzangu wa mwaka wa tatu mnakumbuka lile tamasha la Juni kwenye uwanja wa mpira. Kiingilio tumetoa kwenye bumu, tena bumu la mwisho. Tangazo lilisema saa 2 usiku. Saa 6 bado tunaangalia mafundi wanafunga na kufungua nyaya, watu wamevaa mashuka ya hosteli juu ya makoti, wengine wanacheza ili tu damu itembee. Msanii, jina nalihifadhi, alifika saa 8, akafungulia nyimbo zake zilizorekodiwa, akachezesha mdomo kwa nyimbo tatu, akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi. Hata pole hakutupa. Tulishangilia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulishangilia!

Wale wa Fehmarn hawakushangilia.

Tamasha lao lilipangwa tarehe 4 hadi 6 Septemba 1970. Kisiwa kile kiko kwenye Bahari ya Baltiki, tambarare, hakuna mlima wa kukinga kitu. Kiwanja kilikuwa karibu na ufukwe, upande wa magharibi. Walikuja watu wanaokadiriwa kuwa elfu 25, wakajenga mahema yao, na dhoruba ikaja. Mvua, upepo mkali wa baharini, mahema yanapeperushwa, nguo hazikauki. Baadhi ya bendi zilizotangazwa hazikutokea kabisa. Genge la waendesha pikipiki lililokabidhiwa ulinzi likageuka kuwa ndilo la kuogopwa. Hendrix alitarajiwa Jumamosi usiku. Hali ya hewa ikawa mbaya, Jumamosi ikapita bila yeye. Elfu kadhaa ya watu wakalala tena kwenye matope.

Hapa nitasimama kidogo, maana ni rahisi kumlaumu. Gitaa la umeme, vipaza sauti vya umeme, jukwaa limelowa, upepo unasukuma mvua mpaka ndani: kupiga katika hali ile ni kucheza na roho. Kukataa kwake mimi naona kulikuwa halali. Lakini yule kijana aliyelala kwenye blanketi la maji naye ana haki yake, na haki yake haifutwi kwa sababu Hendrix naye alikuwa na sababu nzuri.

Jumapili, kama saa 7 mchana, akapanda. Alikuwa na Mitch Mitchell kwenye ngoma na Billy Cox yule yule wa jeshini kwenye besi. Uwanja ukamzomea, wengine wakimtaka arudi kwao. Na yeye mwenyewe hakuwa sawa: alikuwa amechoka na safari, siku nne tu nyuma kule Aarhus, Denmark, aliliacha onyesho baada ya nyimbo chache, na Cox alikuwa mgonjwa wa akili na mwili kwa kilevi ambacho inasemekana aliwekewa bila kujua. Mtu angetafuta kisingizio, vilikuwa vimejaa mkononi. Badala yake aliwasalimia kwa amani, akawaambia kwa lugha ya mtaani kabisa kwamba kuzomewa hakumsumbui, alimradi wazomee kwa kii moja na gitaa. Kisha akaanza kupiga.

Alipiga zaidi ya saa moja, nyimbo kumi na kitu, za zamani wanazozitaka na mpya wasizozijua. Kuzomea kukafa. Mikanda iliyorekodiwa pale ipo, na ukiisikiliza utaona kwamba si kila kitu kimekaa sawa. Kuna mahali besi na ngoma zinatafutana. Wachambuzi wengi wanaiweka siku ile chini kabisa kwenye orodha ya maonyesho yake. Nafikiri wanapima kitu kingine. Wanapima vidole. Mimi nikijiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, nikijua nitakutana na darasa la watoto 90 ambao hawajaniomba niende, ninachokitazama ni yule mtu anayesimama mbele ya umati uliokasirika kwa haki, asiutukane, asiukimbie, akaufanyia kazi ile aliyoijia.

Baada ya yeye kushuka, mambo yaliharibika kabisa. Fedha hazikuonekana, waandaaji hawakuonekana, na ofisi yao ikateketea kwa moto. Wapiganaji wa baridi wakafungasha vilivyobaki vya mahema yao na kuanza kurudi bara, wengi kupitia lile daraja la mlangobahari wa Fehmarn lililofunguliwa 1963.

Cox alirudishwa Marekani kwa matibabu, na maonyesho yaliyobaki yakavunjwa. Hendrix alirudi London. Tarehe 16 Septemba alipanda na wenzake kwenye klabu moja ya usiku akapiga kidogo kama mgeni, na tarehe 18 akafariki, dawa za usingizi zimemzidi. Alikuwa na miaka 27. Amezikwa Renton, karibu na Seattle. Kule Fehmarn, kwenye kile kiwanja cha upepo, kuna jiwe la kumbukumbu lenye mchoro wa gitaa, na watu wanalitembelea. Onyesho lile la Jumapili mchana ndilo lilikuwa onyesho lake kamili la mwisho, na kati ya wote waliokuwa wanavuka daraja jioni ile, na soksi mbichi, hakuna aliyejua.