Fra Angelico na mikono isiyo na mwili
Katika wachoraji wa dini wa Italia ya zamani, mimi namtanguliza Fra Angelico. Alizaliwa karibu na Florence mwishoni mwa karne ya 14, akaitwa Guido di Pietro. Alikuwa tayari fundi wa picha alipoingia utawa wa Wadominiko huko Fiesole.

Kuanzia mwaka 1438 hivi, yeye na wasaidizi wake walichora kuta za nyumba ya watawa ya San Marco, Florence, kwa fedha za tajiri Cosimo de' Medici. Kila mtawa alipata picha chumbani mwake, si ya pambo bali ya kusali mbele yake.

Katika chumba cha 7 Yesu ameketi, kafungwa kitambaa machoni. Wanaompiga hawana mwili: ni mikono, fimbo na kichwa kinachotema mate. Aliyewahi kupigwa njiani na watu asiowajua ataielewa upesi. Nadhani mchoraji alimnyima mtesaji mwili makusudi, mtawa asikeshe akimchukia mtu fulani. Chini Maria ameinamia huzuni yake, na Mtakatifu Dominiko anasoma kitabu, wala hainui macho. Wengine huuita ubaridi. Mimi naona anatafuta maana ya kipigo kile.

Fra Angelico alifariki Roma mwaka 1455. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1982.