Anton de Bary, Daktari Aliyegeukia Magonjwa ya Mimea

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba nichangie ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri, nilijua anatarajia habari za mwanasiasa, mwandishi au jemadari. Matoleo yaliyopita ya jarida hili la mkutano wetu yamejaa watu wa namna hiyo, wala si vibaya. Lakini mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya kilimo, na kwa zaidi ya miaka 15 majalada yanayopita mezani kwangu ni ya mbegu, dawa na magonjwa ya mazao. Basi naomba radhi kwa wenzangu wa mchepuo wa sanaa. Mtu wangu ni Mjerumani aliyefariki mwaka 1888, ambaye jina lake wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani wa Biolojia na kulisahau kesho yake.

Heinrich Anton de Bary alizaliwa tarehe 26 Januari, 1831, katika mji wa Frankfurt am Main. Baba yake alikuwa daktari, na nyumba yao ilikuwa na watoto kumi. Ukoo wao ulikuwa wa Waprotestanti ambao zamani walihama kutoka upande wa Ubelgiji. Baba alimruhusu kijana wake kufuatana na mabwana waliokuwa wakizunguka mashamba na misitu ya jirani kukusanya mimea, na mmoja wao, daktari Georg Fresenius, ndiye aliyemfundisha kutazama vitu vidogo kwa hadubini: mwani, kuvu, na vitu vingine ambavyo mtu wa kawaida huvikanyaga bila habari.

Mwaka 1848 alimaliza shule ya sekondari akaingia Chuo Kikuu kusomea udaktari, kama baba yake. Alisoma Heidelberg, kisha Marburg, kisha Berlin, na mwaka 1853 alipata shahada yake. Lakini hata tasnifu yake ya udaktari ilihusu uzazi wa mimea, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alitoa kitabu juu ya kuvu zinazoleta kutu na fugwe katika nafaka. Alifungua kazi ya udaktari Frankfurt kwa muda mfupi, akaona siyo. Mwaka 1854 alikwenda kufundisha botania Tübingen, na mwaka uliofuata akapata nafasi Freiburg.

Hapa yafaa vijana wetu walio madarasani waelewe ugomvi uliokuwapo siku zile. Kuvu kwenye jani lililougua ilionwa na kila mwenye hadubini. Swali lilikuwa: kipi kilitangulia? Wataalamu wengi wakubwa walifundisha kwamba mmea huugua kwanza, kwa sababu ya hali ya hewa au utomvu wake kuharibika, na kwamba kuvu huzaliwa ndani ya ugonjwa huo kama vile upele unavyotokea kwenye ngozi ya mtu mwenye homa. Kwa maneno mengine, kuvu ilikuwa matokeo, si chanzo. Huenda tukacheka leo, lakini waliosema hivyo hawakuwa wajinga.

Nalo halikuwa swali la mezani tu. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ulaya, na huko Ireland, ambako maskini walitegemea viazi kama sisi tunavyotegemea ugali, njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine kama hao wahame nchi. Mwingereza Miles Berkeley alisema mwaka 1846 kwamba kuvu ndiyo iliyosababisha, ila hakuwa na jaribio la kuwanyamazisha wapinzani wake.

De Bary alilifanya jaribio hilo. Alichukua mimea mizima ya viazi, mingine akaiwekea vijimbegu vya kuvu kutoka majani yaliyougua, mingine akaiacha bila kitu, yote katika unyevu uleule. Iliyowekewa iliugua, na ile mingine ikabaki salama. Kisha akatazama kwa jicho lake jinsi vijimbegu vile vinavyotoa viogeleaji vidogo ndani ya tone la maji, jinsi viogeleaji vinavyotulia, vinavyochipua, na jinsi mchipuo unavyopenya ngozi ya jani na kuingia ndani. Matokeo aliyatangaza mwaka 1861. Mwaka 1876, katika taarifa aliyoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo ya Uingereza, alikipa kiumbe hicho jina la Phytophthora, yaani mharibifu wa mimea, na ndilo tunalolitumia hadi leo.

Naomba niseme jambo moja langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifanya nimchague mtu huyu. Nimekulia Uporoto, Mbeya, kwenye viazi na ukungu. Nilipokuwa darasa la sita, shamba letu liliungua kwa juma moja. Siku ya Jumatatu lilikuwa kijani, Jumapili lilikuwa jeusi na kunuka. Baba alikuwa amelitegemea kwa ajili ya karo yangu ya sekondari. Alikumbuka kwamba mzee jirani yetu alikatiza kwenye shamba lile asubuhi moja ya mvua, akasimama na kulisifia. Basi. Tangu siku hiyo hapakuwa na salamu kati ya nyumba hizo mbili. Watoto tulikatazwa kucheza pamoja, na kisima tulichokuwa tukichota wote tukakiacha. Karo ililipwa kwa ng'ombe.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Biolojia alituletea jani la kiazi lenye bakajani na kutuweka foleni mbele ya hadubini moja ya shule, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Wenzangu wa mwaka ule wataikumbuka. Nilipofikiwa na zamu yangu nilikaa mpaka nikasukumwa. Jioni ile nilimwandikia baba barua ya kurasa mbili. Nilipokwenda likizo aliniuliza swali moja: sawa, ni kuvu, lakini kuvu hiyo ilitumwa na nani? Sikuwa na jibu. Nilimwambia inakuja na upepo na unyevu, naye akasema upepo ulikuwapo pia kwenye shamba la yule mzee. Ilikuwa kweli. Mbegu ya yule mzee ilikuwa nyingine, ya asili, ngumu zaidi; lakini hilo nililielewa nikiwa Chuo Kikuu. Wazee wale walisalimiana tena mwaka 2003, katika msiba, na habari ya viazi haikutajwa.

Turudi kwa de Bary. Kazi yake ya pili kubwa, kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza, ilihusu kutu ya shina la ngano. Wakulima wa Ulaya walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ngano iliyo karibu na kichaka cha baberi, mti mfupi wa miiba na maua ya manjano, hushikwa na kutu. Koloni la Connecticut huko Amerika lilitunga sheria dhidi ya kichaka hicho mwaka 1726. Mwalimu mmoja wa shule huko Denmark alijaribu mwanzoni mwa karne ya 19 kupaka unga wa majani ya baberi kwenye nafaka na akapata kutu, lakini nani angemsikiliza mwalimu wa shule? Wataalamu waliona kutu ya ngano ni nyeusi au nyekundu, na ile ya baberi ni vikombe vya rangi ya machungwa. Kwao zilikuwa kuvu mbili, kila moja na jina lake.

De Bary alianza kwa kushindwa. Alichukua vijimbegu vyeusi vilivyolala majira ya baridi kwenye mabua, akaviotesha, akajaribu kuambukiza nafaka navyo. Havikushika. Mtu mwingine angeacha. Yeye alikumbuka maneno ya wakulima, akaviweka kwenye majani ya baberi, na baada ya siku chache vikombe vile vya rangi ya machungwa vikatokea. Mwaka 1865 alikamilisha mzunguko kwa kurudisha unga wa vikombe hivyo kwenye nafaka, na kutu ikatokea. Kuvu ilikuwa moja, yenye nyumba mbili. Amerika ilianza kampeni kubwa ya kung'oa baberi mwaka 1918, msingi wake ukiwa majaribio haya.

Mwaka 1867 alihamia Halle, na mwaka 1872 Strasbourg, mji ambao Ujerumani ilikuwa imeutwaa kutoka Ufaransa baada ya vita. Alichaguliwa kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu kipya. Maabara yake ilijaa wanafunzi kutoka Urusi, Amerika, Uingereza na kwingineko. Mmoja kati ya waliosoma kwake, Mfaransa Pierre Millardet, ndiye aliyetangaza mwaka 1885 mchanganyiko wa mrututu na chokaa, dawa ambayo wakulima wetu wa kahawa wanaijua vizuri sana kwa rangi yake ya buluu kwenye nguo.

Ni yeye pia aliyelieneza neno simbiosi, katika hotuba ya mwaka 1878 iliyochapishwa mwaka uliofuata, baada ya kuchunguza kuvumwani, viumbe vile vinavyotanda kwenye mawe na magome, ambavyo ni kuvu na mwani vinavyoishi kama kitu kimoja. Wanafunzi wengi huandika katika mtihani kwamba simbiosi ni kusaidiana. De Bary hakusema hivyo. Kwake ilikuwa kuishi pamoja kwa viumbe vya aina tofauti, na mgeni mnyonyaji alihesabiwa humohumo pamoja na mgeni mwema.

Yeye hakuwa na njia ya kusoma chembe za urithi. Sisi tunayo, na jambo linalonishangaza ni jinsi maswali yake yalivyobaki yaleyale. Mwaka 2009 wataalamu walichapisha maandishi yote ya urithi wa Phytophthora ya viazi, herufi zipatazo milioni 240, na karibu robo tatu yake ni marudiorudio. Ndani ya sehemu hizo za marudio, kama vijiji vichache kwenye pori kubwa, zimo jeni zinazotengeneza silaha za kuhadaa kinga ya mmea. Jeni za kazi za kila siku zimekaa mahali patulivu na hubadilika polepole. Hizi za vita zimewekwa palipo na vurugu na hubadilika upesi. Ndiyo sababu mbegu iliyosifiwa kuwa sugu huanguka baada ya misimu michache, na mkulima akatulaumu sisi wa ofisini. Tena imethibitika kwamba kiumbe hiki si kuvu halisi, bali ni wa ukoo wa mwani wa kahawia. Wale viogeleaji aliowaona de Bary kwenye tone la maji ni alama ya ukoo huo.

Mwaka 2013 wataalamu walisoma urithi kutoka majani ya viazi yaliyokaushwa karne ya 19 na kuhifadhiwa London na München, mengine ya tangu mwaka 1845. Ilionekana kwamba aina moja tu ndiyo iliyoenea Ulaya wakati wa njaa ile na kudumu kwa miaka 50 hivi.

Kutu ya ngano imetufikia kwa karibu zaidi. Mwaka 1998 Uganda ilionekana kutu iliyoshinda kinga ambayo ngano nyingi duniani ziliitegemea, kinga iliyotokana na rai, nafaka jamaa ya ngano. Ikaitwa Ug99, ikaingia Kenya, na mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zikawa zinaletwa Njoro kupimwa dhidi yake. Ilitoka wapi? De Bary alikuwa ametuonyesha kwamba kutu hii hufunga ndoa yake kwenye baberi, na baberi ya aina moja humea kwenye nyanda zetu za juu. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha njia nyingine. Kila chembe ya kutu iliyo juu ya ngano hubeba viini viwili vilivyokaa mbalimbali. Katika Ug99, kiini kimoja ni karibu sawasawa na cha kutu inayojulikana tangu zamani kusini mwa Afrika. Yaani kutu mbili zilikutana juu ya ngano, zikaungana na kubadilishana viini vizima, bila baberi na bila ndoa.

De Bary aliugua uvimbe wa taya na akafariki Strasbourg tarehe 19 Januari, 1888, juma moja kabla ya kutimiza miaka 57. Kati ya vijana waliopitia maabara yake alikuwamo Mwingereza Harry Marshall Ward, aliyekuwa ametumwa Ceylon mwaka 1880 kuchunguza kutu ya majani ya kahawa, ambayo iliumaliza ukulima wa kahawa wa kisiwa kile hata wakageukia chai. Kutu hiyo ndiyo ileile ya kwenye mibuni yetu. Wataalamu wengi wanashuku kwamba nayo ina nyumba ya pili, kama ile ya ngano. Wameitafuta kwa zaidi ya miaka 100, na mmea huo bado haujapatikana.