Miguel de Cervantes: Kuishi Kwingi ni Kuona Mengi

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Leo nataka kukusimulia maisha ya Miguel de Cervantes, mwandishi Mhispania aliyepata sifa wakati ambapo wengi wa rika lake walikwisha kata tamaa.

Cervantes alizaliwa mwaka wa 1547 katika mji wa Alcalá de Henares. Babake alikuwa tabibu mdogo, na madeni yalimwandama kila alikohamia. Kijana alipokua akawa askari. Mwaka wa 1571 alipigana na Waturuki katika vita vya baharini vya Lepanto, akajeruhiwa kifuani, na mkono wake wa kushoto ukalemaa maisha. Mwaka wa 1575, akirudi kwao, meli ilitekwa na maharamia, naye akapelekwa utumwani Algiers, huku Afrika ya Kaskazini. Alijaribu kutoroka mara nne, wapi! Alikombolewa kwa fedha mwaka wa 1580.

Ungedhani taabu zimekwisha, kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1585 lakini hakikumtoa katika umaskini. Ikambidi azunguke vijijini akikusanya ngano na mafuta ya jeshi la mfalme, na baadaye kodi. Nani humpenda mtoza kodi? Mwaka wa 1590 aliomba kazi katika makoloni ya Uhispania huko Amerika, akanyimwa. Mwaka wa 1597 hesabu zilileta matata, akatiwa jela mjini Seville. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, hana cheo, hana mali.

Basi mwaka wa 1605, akiwa na miaka 57, alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote. Ni hadithi ya bwana aliyesoma vitabu vya mashujaa hadi akili zikamruka, akapanda farasi mkondefu na kwenda kupigana na vinu vya upepo akidhani ni majitu. Watu walikigombania kitabu hicho, kikapigwa chapa tena mwaka ule ule. Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 1615, naye akafariki Aprili 1616.

Sisemi kwamba taabu ni tamu. Hata kitabu hicho hakikumtajirisha. Lakini najiuliza, kijana wa miaka ishirini angeyatoa wapi yale yote? Wenye nyumba za wageni, wachunga nyumbu na wafungwa waliomo kitabuni ni watu wa aina aliyokutana nayo njiani na gerezani. Humo yumo hata mateka aliyetoroka Algiers. Miaka tuliyodhani imepotea, kumbe ilikuwa ghala yake.

Wenzangu, katika shule zetu za kutwa wako wanafunzi waliokaa nyumbani mwaka mmoja au miwili kwa kukosa karo, wakafanya vibarua, kisha wakarudi na ndevu. Kuna wanaowaita babu na kuwacheka. Tukome! Siku mwenzetu huyo atakapoandika insha juu ya maisha, atakuwa na la kusema. Sisi ambao hatujawahi kukosa karo tutaandika nini?