Adolphe Sax, Baba wa Jamaa ya Tarumbeta



Siku ya sherehe, fanfare ikipita uwanjani, sisi wote tunakimbilia kumtazama yule anayepiga tarumbeta ndogo kule mbele. Ni nani anayemwangalia yule wa nyuma, anayebeba ile tuba kubwa kifuani kama mtoto mzito? Tunamcheka tu, eti analia kama chura. Lakini siku moja akikosa kuja, kwa ugonjwa ama kwa mvua, kila mtu anasikia kwamba kitu kimepunguka. Wimbo unakuwa kama nyumba isiyo na msingi. Hapo ndipo tulianza kujiuliza: hizi ala zote, ndogo na kubwa, nani alizipanga zikae pamoja kama watoto wa baba mmoja?

Tulipotafuta katika vitabu, tulimkuta mtu anayeitwa Adolphe Sax. Wengi wanamjua kwa sababu ya saksofoni, inayobeba jina lake, ambayo wapiga rumba wetu waliipenda sana. Lakini kazi aliyoifanya kwa zile ala za shaba zenye sauti ya chini, wachache wanaijua. Basi tuwasimulie maisha yake.

Sax alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 huko Dinant, mji mdogo wa Ubelgiji kando ya mto Meuse. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa seremala, kisha akawa fundi wa ala za muziki, na jamaa yote ikahamia Brussels. Huyu mtoto alikuwa na bahati mbaya ya ajabu. Wanasimulia kwamba alianguka kutoka ghorofa ya juu, akameza sindano, akanywa maji makali ya kiwandani akidhani ni maziwa, akaungua kwa baruti, tena akakaribia kufa maji mtoni. Majirani walimwona kama mzimu anayetembea, na mama yake mwenyewe aliogopa kwamba hataishi. Kumbe aliishi miaka 79.

Alikua katika kiwanda cha baba yake, mikono ndani ya kazi tangu utoto. Tena alisoma muziki katika shule kubwa ya Brussels, akajua sana kupiga klarineti. Hilo ni jambo la kushika: alikuwa fundi anayejua kupiga, na mpigaji anayejua kutengeneza. Akisikia sauti mbaya, alijua ni tundu gani limekosewa. Mwaka 1838 alipata hati ya uvumbuzi kwa klarineti ya sauti ya chini aliyoitengeneza vizuri kuliko zile za zamani. Mwaka 1841 alipeleka kazi zake kwenye maonyesho ya Brussels. Waamuzi walikubali kwamba anastahili medali ya zahabu, lakini wakasema angali kijana mno. Wakataka kumpa nyingine ya chini yake. Akaikataa. Mwaka uliofuata akaenda Paris na franka chache tu mfukoni.

Sasa, kabla ya kuendelea, tueleze kidogo juu ya tuba, maana wengine wanafikiri Sax ndiye aliyeivumbua. Sivyo. Zamani, ile sauti ya chini katika fanfare ilipigwa kwa ala mbili. Moja iliitwa serpan, bomba la mti lililopindapinda kama nyoka, limefunikwa ngozi. Nyingine iliitwa ofikleidi, bomba la shaba lenye matundu na vifuniko. Sauti zao hazikuwa sawasawa: noti moja ina nguvu, ya pili imeziba kama mtu mwenye mafua. Tarehe 12 Septemba 1835, kule Berlin, Wilhelm Wieprecht, aliyekuwa mkubwa wa fanfare za askari, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz, walipewa hati kwa ala mpya ya shaba yenye pistoni tano. Hiyo ndiyo tuba ya kwanza.

Pistoni inafanya kazi gani? Mpigaji anatetemesha midomo, na hewa ndani ya bomba inatetemeka pamoja nayo. Bomba likiwa refu, sauti inashuka. Likiwa fupi, inapanda. Lakini bomba moja tupu linatoa noti chache tu. Ukikanyaga pistoni kwa kidole, unafungulia hewa njia ya kupita katika kipande kingine cha bomba, na sauti inashuka. Kwa kawaida pistoni ya kwanza inashusha toni moja, ya pili nusu toni, ya tatu toni na nusu. Tuba kubwa kabisa ya si bemoli, ukinyosha bomba lake lote chini, linafika karibu metre tano na nusu! Ndiyo sababu yule ndugu yetu wa nyuma anatoka jasho.

Basi, Sax alipofika Paris, tuba na pistoni zilikuwako tayari. Shida ilikuwa nyingine. Kila fundi alitengeneza ala yake kwa namna yake. Hii ina umbo hili, ile ina umbo lile, vidole vya hii si vidole vya ile. Wakipiga pamoja, ilikuwa kama mkutano wa watu wasiosikilizana. Sax akafanya jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko kuvumbua ala moja. Kati ya mwaka 1843 na 1845 alitengeneza jamaa nzima, iliyoitwa saksihoni, tangu mdogo wa sauti ya juu mpaka mkubwa wa chini kabisa, ambaye ni ndugu wa karibu wa tuba. Zote zina bomba linalopanuka polepole na pistoni za namna moja. Aliyejifunza moja anaweza kuhamia nyingine bila kuanza upya, maana vidole ni vilevile. Mtu wa nyuma akigonjwa, mwingine anaweza kushika nafasi yake.

Mwanamuziki Hector Berlioz alikuwa amekwisha kumsifu gazetini mwaka 1842. Lakini mafundi wa Paris walikasirika. Huyu mgeni ametoka wapi kutunyanganya mkate? Wakaungana kumpinga. Tarehe 22 Aprili 1845 serikali ikaamuru mashindano kwenye uwanja wa Champ-de-Mars: fanfare moja yenye ala za zamani, nyingine yenye ala za Sax. Watu maelfu na maelfu walikuja kusikiliza. Fanfare ya Sax ilikuwa na wapigaji wachache kuliko ile nyingine, hata hivyo watu waliishangilia zaidi. Mwaka uleule serikali ikakubali ala zake ziingie katika fanfare za askari wa Ufaransa.

Mnafikiri shida ziliisha? Hapana, ndipo zilianza. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Adui zake walimpeleka tribinali, wakisema ala zake si mpya, ameiba kwa Wajerumani na kwa wengine. Hata Wieprecht mwenyewe alilalamika. Tuseme kweli: pistoni hakuvumbua yeye, na tuba vilevile. Lakini saksofoni, aliyoipatia hati mwaka 1846, hakuna aliyekuwa nayo kabla yake. Kesi zilivuta miaka mingi. Zingine alishinda, zingine alishindwa, na zote zilikula feza. Yeye naye hakuwa mpole. Alikuwa mwepesi kuwashitaki wengine, na kila faranga iliyoingia ilitoka kwa mawakili. Mara tatu alifilisika: mwaka 1852, 1873 na 1877.

Katikati ya mateso hayo ugonjwa ukamshika. Uvimbe mbaya ulitokea mdomoni, ukakua mpaka akashindwa kula vizuri. Fikirini: mtu wa ala za kupuliza, na ugonjwa unamshika mdomo! Waganga walitaka kumkata. Wakati ule alikuwako Paris mtu mweusi kutoka Surinam, jina lake Vries, aliyetibisha kwa majani. Sax alikubali dawa zake, na mwaka 1859 uvimbe ukawa umetoweka. Aliishi miaka 35 tena.

Tangu mwaka 1857 alifundisha saksofoni kwa askari katika shule kubwa ya muziki ya Paris. Vita ya 1870 ilipokuja, darasa lile likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka 1942. Mwaka 1877, kwa sababu ya madeni, ala zaidi ya 400 alizozikusanya kwa maisha yake yote ziliuzwa kwa mnada. Katika uzee wanamuziki wakubwa waliomba serikali imsaidie. Alikufa maskini huko Paris, mwezi wa Februari 1894, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Lakini jamaa yake haikuzikwa naye. Mwaka 1844 Waingereza wa jamaa ya Distin, wapigaji hodari, walikutana na Sax kule Paris, wakapeleka saksihoni kwao. Huko wafanyakazi wa migodi na wa viwanda wakaunda fanfare zao wenyewe, kwa sababu ala hizi hazikuwa ngumu kujifunza. Kisha Jeshi la Wokovu likazichukua kwa kupiga nyimbo za Mungu barabarani, na Jeshi la Wokovu lilifika Kongo mwaka 1934. Siku hizi ala za jamaa hiyo zimepata majina mengine: alto, baritoni, efoniamu, tuba. Katika sehemu nyingi jina la Sax limeanguka, kazi imebaki.

Sisi wa bulletin tulibishana sana juu ya maisha haya. Wamoja walisema Sax alikosa: angeacha kesi, angekula matunda ya mikono yake kwa amani. Wengine walisema hapana, mtu asiyelinda kazi yake atanyanganywa hata nyundo. Hatukupatana, na tunawaachia ninyi mkate neno hilo. Lakini kwa jambo moja tulikuwa na sauti moja. Mafundi wengi walitafuta tarumbeta moja itakayowapita zote. Sax alitafuta namna gani ndogo na kubwa zitasikilizana, na katika mpango wake ile kubwa ya nyuma haikuwa mtumwa wa zile za mbele, ilikuwa ndugu yao.

Basi, wanafunzi wenzetu, fanfare ikipita tena, msimame kidogo mpaka wa mwisho apite. Msikilize ile sauti ya chini. Na yule anayeibeba, mazoezi yakiisha, mumsaidie kuirudisha. Ni nzito kweli, sisi tumejaribu.

Mpaka numero ijayo.