Wilhelm Peters

Wilhelm Karl Hartwig Peters (22 Aprili 1815 – 20 Aprili 1883) alikuwa daktari, mwanazuolojia na mpelelezi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa safari yake ya miaka mitano katika Afrika ya Mashariki na kwa kuongoza Makumbusho ya Zuolojia ya Berlin kwa zaidi ya miaka 25. Aliwapa majina ya kisayansi mamia ya wanyama, wakiwemo nyoka, vyura, popo, panya na samaki. Mwaka wa 1868 aliunda jenasi Nothobranchius, ya samaki wadogo wenye rangi kali wanaoishi katika madimbwi ya msimu. Leo samaki hao hufugwa katika matangi ya nyumbani katika nchi nyingi, na spishi zao kadhaa hutoka katika bonde la chini la mto Rufiji, nchini Tanzania.

Maisha ya awali

Peters alizaliwa Koldenbüttel, katika eneo la Schleswig ambalo wakati huo lilitawaliwa na mfalme wa Denmark. Alisoma tiba na sayansi asilia Copenhagen na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1838. Baadaye alifanya utafiti wa viumbe wa bahari kwenye pwani ya Mediteranea, kisha akarudi Berlin kufanya kazi chini ya Johannes Müller, mmoja wa wanaanatomia mashuhuri wa karne ya 19.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa na habari chache sana kuhusu wanyama wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Peters alipendekeza safari ya Msumbiji, iliyokuwa chini ya Ureno. Mpango wake uliungwa mkono na Müller na Alexander von Humboldt, na gharama zikalipwa na mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia.

Safari ya Afrika ya Mashariki

Peters aliondoka Ulaya mwaka wa 1842, akapitia Angola na kufika Msumbiji mwaka wa 1843. Alikusanya wanyama na mimea pwani na kando ya mto Zambezi, akipita Quelimane, Sena na Tete. Alifika pia Zanzibar, iliyokuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan, pamoja na visiwa vya Komori na Madagaska. Alirudi Ujerumani mwaka wa 1848 kwa njia ya Uhindi na Misri.

Hakungoja kurudi ndipo aanze kutangaza aliyoyaona. Alituma ripoti Berlin akiwa bado Afrika, na moja kati yake ilichapishwa mwaka wa 1844. Ndani yake alieleza samaki mdogo kutoka Quelimane na kumwita Cyprinodon orthonotus. Kwa wakati huo alikuwa jina moja tu kati ya mengi katika orodha ndefu ya wanyama wapya.

Mbali na wanyama, Peters aliandika orodha za maneno ya lugha za watu aliokutana nao, kuanzia ghuba ya Lourenço Marques (leo Maputo) hadi Cape Delgado na kisiwa cha Nzwani. Orodha hizo zilihaririwa na mwanaisimu Wilhelm Bleek na kuchapishwa London mwaka wa 1856. Ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema zilizochapishwa za lugha kadhaa za Kibantu za pwani hiyo.

Kazi katika makumbusho ya Berlin

Mwaka wa 1851 Peters alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Prussia. Baada ya kifo cha Martin Lichtenstein mwaka wa 1857, alichukua nafasi yake kama mkurugenzi wa Makumbusho ya Zuolojia. Chini yake mkusanyo wa reptilia na amfibia ulikua hadi ukaweza kulinganishwa na ile ya Paris na London. Alieleza pia wanyama walioletwa na wasafiri wengine, wakiwemo reptilia na amfibia wa Karl Klaus von der Decken, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Kilimanjaro na kuuawa kando ya mto Juba mwaka wa 1865.

Matokeo ya safari yake mwenyewe yalichukua miaka 30 kuchapishwa. Juzuu ya mamalia ilitoka mwaka wa 1852, ya samaki wa maji baridi mwaka wa 1868, na ile ya reptilia na amfibia mwaka wa 1882, yaani mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kati ya wanyama aliowapa majina wamo sengi wa jenasi Petrodromus na Rhynchocyon, fira wa Msumbiji (Naja mossambica) na perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus).

Kuundwa kwa jenasi Nothobranchius

Katika juzuu ya samaki ya mwaka wa 1868, Peters alimrudia samaki wake wa Quelimane. Aliona kwamba hafai kubaki katika jenasi Cyprinodon, akamuundia jenasi mpya, Nothobranchius, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya matamvua bandia. Tangu hapo spishi hiyo huitwa Nothobranchius orthonotus.

Peters alifanya uainishaji huo kwa kuchunguza samaki waliokufa na kuhifadhiwa katika chupa za alkoholi. Samaki wa namna hiyo huonyesha idadi ya miale ya mapezi, umbo la meno na mpangilio wa magamba, lakini hupoteza rangi zake na hauwezi kueleza jinsi alivyoishi. Jambo la ajabu kuliko yote kuhusu samaki hawa, yaani namna wanavyovuka kiangazi, lilifahamika vizuri baadaye, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilitokana na watu waliowafuga wakiwa hai.

Maisha ya Nothobranchius hufuata mvua. Dimbwi linapojaa, mayai yaliyofukiwa ndani ya tope huanguliwa. Vifaranga hukua upesi, na kwa spishi nyingi huanza kutaga baada ya wiki chache tu. Dume na jike hutaga kila siku, yai moja moja, ndani ya tope la chini. Dimbwi linapokauka samaki wote hufa, lakini mayai hubaki hai katika udongo. Viinitete husimamisha ukuaji wao kwa miezi kadhaa, kisha huendelea na kungoja mvua inayofuata.

Matangi ya kwanza ya samaki

Miaka ya kazi ya Peters mjini Berlin ndiyo miaka ambayo ufugaji wa samaki katika vioo ulienea Ulaya. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka wa 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Nchini Ujerumani Emil Adolf Roßmäßler alitoa kitabu kuhusu tangi la maji baridi mwaka wa 1857. Mwaka wa 1869 akwariamu kubwa ya umma ilifunguliwa Berlin chini ya Alfred Brehm, katika barabara ya Unter den Linden, barabara ileile yenye jengo la chuo kikuu ambamo makumbusho ya Peters yalikuwamo.

Matangi ya wakati huo hayakuwa na pampu za umeme. Wafugaji walitegemea mizani ya asili: mimea iliyopata mwanga wa dirishani ilitoa oksijeni, na idadi ya samaki ilibaki ndogo ili maji yasichafuke. Vichujio na taa za kisasa vimerahisisha kazi hiyo, lakini kanuni haijabadilika.

Samaki wa madimbwi ya Rufiji na Kibiti

Jenasi aliyoiunda Peters kwa spishi moja leo ina zaidi ya spishi 90, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi. Nothobranchius guentheri hupatikana kiasili katika kisiwa cha Unguja pekee. Katika bonde la chini la Rufiji hupatikana N. janpapi, iliyoelezwa mwaka wa 1977, N. eggersi ya mwaka wa 1982 na N. ocellatus ya mwaka wa 1985. Hii ya mwisho ni kubwa kuliko ndugu zake na huwinda samaki wengine wa madimbwi.

Makazi ya samaki hawa hayamo ndani ya mikoko ya delta, ambako maji ya chumvi huingia na kutoka, bali katika nyanda za juu zaidi za wilaya za Rufiji na Kibiti: mabonde madogo, kando za mashamba ya mpunga na mashimo ya kando ya barabara yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo hushika maji baada ya mvua za vuli na masika, na hupasuka wakati wa kiangazi huku ukihifadhi unyevu unaotosha mayai. Kwa kuwa spishi fulani huweza kuishi katika eneo dogo tu, kufukia au kulima dimbwi wakati wa kiangazi, linapoonekana kuwa shimo tupu, kunaweza kuangamiza kizazi kizima kilichomo udongoni.

Ufugaji katika tangi la nyumbani

Nothobranchius hawahitaji tangi kubwa. Kundi dogo la dume mmoja na majike wawili au watatu huweza kuishi katika lita 20 hadi 40 za maji yenye joto la nyuzi 22 hadi 25 za selsiasi. Tangi hufunikwa, kwa sababu samaki hawa huruka.

Kichujio kinachotumiwa zaidi ni cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Hakisukumi maji kwa nguvu, jambo linalofaa samaki waliozoea maji yaliyotulia, wala hakiwavuti vifaranga. Kazi yake kuu hufanywa na bakteria wanaoishi ndani ya sponji. Bakteria hao hugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya, na ndiyo sababu samaki wanaotiwa siku ya kwanza mara nyingi hufa ingawa maji yanaonekana safi. Sponji husafishwa kwa maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua bakteria. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Mwanga hafifu wa saa 8 hadi 10 kwa siku unatosha. Mwanga mkali au wa muda mrefu hukuza mwani na kuwatia samaki hofu, hivyo wafugaji huweka mimea inayoelea na sakafu ya rangi nyeusi, ambayo pia huonyesha vizuri rangi za madume. Chakula chao ni wadudu wadogo wa majini na viluwiluwi vya mbu. Hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vinavyofunika ngozi kama vumbi la dhahabu, na wafugaji wengi hutia chumvi kidogo ili kuvizuia.

Kwa kutaga huwekwa chombo chenye mboji au nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa. Baada ya wiki moja au mbili nyuzi hizo hukamuliwa na kuhifadhiwa katika mfuko zikiwa na unyevu, kwa wiki au miezi kadhaa kulingana na spishi na joto. Zikirudishwa majini, vifaranga hutoka katika muda wa saa chache. Mayai yaliyohifadhiwa hivyo huweza kutumwa kwa posta.

Wafugaji makini hawachanganyi samaki wa madimbwi tofauti, na samaki wa tangi hawapaswi kuachwa mtoni. Perege wa Msumbiji aliyepewa jina na Peters ni mfano wa hatari hiyo: amesambazwa na watu katika nchi nyingi za joto, akawaathiri samaki wa kienyeji, na sasa huhesabiwa kati ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Vilevile tangi haliwezi kuwa badala ya dimbwi, kwa sababu kundi linalofugwa kwa vizazi vingi kutoka kwa samaki wachache hupoteza sehemu ya urithi wake wa jenetiki.

Kifo na urithi

Peters alifariki Berlin tarehe 20 Aprili 1883, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 68. Makumbusho yalihamia jengo jipya lililofunguliwa mwaka wa 1889, chini ya Karl Möbius, aliyewahi kusimamia akwariamu ya maji ya bahari mjini Hamburg. Mkusanyo wake bado unatumiwa na wanasayansi wanaotaka kulinganisha spishi.

Jenasi yake imepata umuhimu mpya katika maabara. Nothobranchius furzeri, spishi ya Zimbabwe na Msumbiji inayoishi miezi michache tu, hutumiwa kuchunguza jinsi viumbe wenye uti wa mgongo wanavyozeeka.

Jina lake Peters limebaki kwa wanyama wawili wanaojulikana sana. Mmoja ni Gnathonemus petersii, samaki wa Afrika ya Magharibi na ya Kati mwenye kidevu kirefu kama mkonga, anayetambua mazingira yake kwa umeme hafifu na kupendwa na wafugaji. Mwingine ni sengi Rhynchocyon petersi, anayeishi katika misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, Unguja, na Mafia, kisiwa kinachoelekeana na delta ya Rufiji.