Mganga Semmelweis

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika inchi ya Hungaria. Akawa mganga katika hospitali kubwa ya mji wa Vienna, inchi ya Austria.

Pale wamama wengi walikufa kwa homa baada ya kuzaa. Waganga waliandika hesabu ya wafu, kisha wakaendelea na kazi. Lakini Semmelweis hakutulia. Aliona kwamba kwa wakunga walikufa wachache, kwa waganga walikufa wengi. Kwa nini?

Mwaka 1847 rafiki yake mganga alichomwa kidole kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wamama. Basi Semmelweis akafahamu: waganga walitoka kupasua maiti, wakawashika wamama kwa mikono ileile. Akaamuru wote wanawe kwa maji yenye dawa ya klori. Mwezi wa 4 walikufa wamama 18 katika 100. Mwezi wa 6 walikufa 2 tu.

Waganga wengi walikataa kusadiki kwamba mikono yao inaua. Semmelweis alifariki mwaka 1865, bila heshima. Leo waganga hunawa.

Watoto, wengine waliandika hesabu ile ile. Yeye aliwahurumia wamama, kwa hiyo aliuliza sababu.