Henry Wellcome na hazina iliyofungiwa makashani

Alipofariki dunia mjini London mwezi Julai mwaka 1936, Sir Henry Wellcome aliacha maghala yaliyosheheni zaidi ya vitu milioni moja. Vingi vilikuwa bado vimefungwa ndani ya makasha, na mwenyewe hakuwahi kuviona vyote. Hii leo mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Lamu au Kigoma, aweza kuchukua picha za sehemu ya hazina hiyo bila kulipa hata senti moja.

Wellcome alizaliwa mwaka 1853 katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Utotoni alimsaidia ami yake aliyekuwa daktari. Baadaye alisomea ufamasia mjini Philadelphia, na mwaka 1880 akavuka bahari kuja London kushirikiana na Mmarekani mwenziwe, Silas Burroughs. Wawili hao waliuza dawa zilizoshindiliwa zikawa vidonge vyenye kipimo kimoja, zama ambazo wagonjwa wengi walikuwa bado wakinywa unga na maji ya dawa yaliyochanganywa kwa mkono.

Alikuwa pia bingwa wa kujitangaza. Wasafiri mashuhuri aliwapa masanduku ya dawa, na mmoja wao alikuwa rafiki yake Henry Morton Stanley. Sanduku la kampuni hiyo lilikuwamo katika msafara wa kumwokoa Emin Pasha, ambao mwaka 1887 uliondoka Zanzibar na mamia ya wapagazi, ukazunguka kwa bahari hadi Kongo, na kuishia Bagamoyo mwezi Desemba mwaka 1889. Stanley alizisifu dawa hizo, na sifa ikageuka fedha. Wapagazi, ambao wengi wao hawakurejea, hawakukumbukwa kwa kiasi hicho.

Burroughs alifariki mwaka 1895, na Wellcome akabaki mmiliki pekee. Ndipo uchu wa kukusanya ulipomtawala. Alitaka historia nzima ya tiba ya binadamu: hirizi, vinyago, vyombo vya upasuaji, hati za kale, hata mswaki uliosemekana kuwa wa Napoleon. Mawakala wake walizunguka dunia, na mnadani alificha jina lake ili bei isipande. Jumba la makumbusho alilolifungua London mwaka 1913 lilikusudiwa zaidi kwa wataalamu. Ndoa yake, kwa upande mwingine, ilivunjika mwaka 1916.

Wosia wake uliielekeza mali ya kampuni kwenye utafiti wa tiba. Wakazi wa pwani ya Kenya wanalijua jina lake kwa njia hiyo, kwani tangu mwaka 1989 shirika lililozaliwa na wosia huo limefadhili utafiti huko Kilifi kwa ushirikiano na taasisi ya KEMRI. Vitu vyenyewe vilitawanywa. Mwaka 1965, vipatavyo 30,000, vingi vikiwa vya Afrika na visiwa vya Pasifiki, vilipelekwa katika chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles.

Mwezi Januari mwaka 2014, maktaba ya Wellcome mjini London ilizitoa bure picha zaidi ya 100,000 kupitia intaneti. Jambo hili si dogo. Hata mchoro wa karne nyingi zilizopita, ambao haki ya mchoraji wake imekwisha, taasisi nyingi hutoza ada kwa kutumia picha yake. Wellcome iliruhusu picha hizo zinakiliwe, zibadilishwe, hata ziuzwe. Sharti lilikuwa moja tu, nalo ni kutaja zilikotoka.

Lakini kutaja zilikotoka ni kuitaja maktaba, si aliyechonga wala kijiji kilichonyang'anywa au kilichouza. Mwezi Novemba mwaka 2022, taasisi hiyo iliufunga ukumbi ulioonyesha vitu vya Wellcome tangu mwaka 2007, ikikiri kwamba masimulizi yake yalijengwa juu ya fikra za ubaguzi. Picha zingali zapatikana bure. Kwa vinyago vingi vya Afrika, jina la aliyevikusanya limeandikwa, na la mchongaji halipo.